UZI: Usuperkondakta unaoishi usoni tu – maada za kitopolojia, PtBi2 na suala zima la Majorana

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nimetamani kwa muda mrefu tuwe na uzi wa maana kuhusu usuperkondakta wa kwenye nyuso za maada za kitopolojia. Habari nyingi zinazosambaa zinarukia moja kwa moja kompyuta za kwantamu, fizikia yenyewe inaachwa njiani, na kwangu mimi utamu wote uko kwenye fizikia. Fikirieni fuwele ambayo ndani ni metali ya kawaida, inakinza umeme kama metali nyingine, lakini nyuso zake mbili, wa juu na wa chini, zinapitisha umeme bila ukinzani wowote. Atomu ni zilezile. Mpangilio ni uleule. Tabaka la mwisho tu ndilo linafuata sheria zake. Fuwele hiyo ipo, ni muungano wa platini na bismuthi, PtBi2, na nitaifikia huko mbele.

Kwanza msingi, kwa wale wanaoingia leo.

Usuperkondakta uligunduliwa mwaka 1911 mjini Leiden na Heike Kamerlingh Onnes. Alipoza zebaki hadi kelvini 4.2, yaani karibu nyuzi 269 chini ya sifuri ya Selsiasi, ukinzani ukatoweka. Mwaka 1933 Meissner na Ochsenfeld wakaonyesha kwamba superkondakta pia husukuma uga wa sumaku nje ya mwili wake, jambo ambalo kipitishi kisicho na ukinzani tu hakilazimiki kulifanya. Maelezo ya kina yalikuja 1957 kutoka kwa Bardeen, Cooper na Schrieffer: elektroni zinaungana mbili mbili, jozi zote zinaingia katika hali moja ya pamoja, na ukitaka kuvunja jozi lazima ulipe nishati. Kiasi hicho cha nishati ndicho tunakiita pengo. Kwa superkondakta nyingi za kawaida pengo ni kama milielektronivolti 1 hivi (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati kinachofaa elektroni). Shikeni neno hilo, pengo, maana mjadala mzima wa uzi huu unazunguka hapo.

Sasa topolojia, yaani sifa zisizoharibika kwa mabadiliko madogo madogo. Ndani ya kihami, mikanda ya nishati (makundi ya viwango ambamo elektroni zinaruhusiwa kukaa) ya chini imejaa elektroni, ya juu iko tupu, na katikati kuna pengo (la aina nyingine, msichanganye na lile la jozi). Kwenye fuwele zenye atomu nzito kama bismuthi, spini ya elektroni (usumaku wake mdogo wa asili) inafungamana na mwendo wake kwa nguvu kiasi kwamba mikanda inabadilishana nafasi: uliostahili kuwa juu unashuka, wa chini unapanda. Nje ya fuwele kuna ombwe, na huko mpangilio ni wa kawaida. Mpakani itakuwaje? Mpangilio mmoja hauwezi kugeuka kuwa mwingine huku pengo likibaki wazi muda wote. Lazima lifunge mahali fulani, na mahali penyewe ni usoni. Pengo likifunga, elektroni zinapita. Fuwele ya namna hii ndiyo kihami cha kitopolojia.

Ndiyo maana hali hii ya uso haiondoki kwa kukwaruza. Menya tabaka la juu, tabaka linalofuata linakuwa uso mpya na hali ileile inajitokeza. Tena elektroni za usoni zina tabia ya pekee: mwelekeo wa spini umefungwa kwenye mwelekeo wa safari. Inayokwenda kulia ina spini ya upande mmoja, inayokwenda kushoto ina spini ya upande wa pili. Kugeuka nyuma kabisa kunahitaji kupindua spini, na uchafu usio na sumaku hauwezi kufanya hivyo.

Liang Fu na Charles Kane walitabiri mwaka 2007 kwamba aloi ya bismuthi na antimoni ingekuwa hivyo, na 2008 kundi la Zahid Hasan kule Princeton likaziona elektroni hizo. Mwaka 2009 ikaja Bi2Se3, ambayo imebaki kuwa mfano wa kufundishia: pengo la ndani karibu elektronivolti 0.3, na tabaka zake zimejengwa kwa shuka tano tano za atomu, kila fungu unene wake kama nanomita 1.

Hapo ndipo Fu na Kane wakauliza swali lililozaa kila kitu tunachokijadili: elektroni hizi za usoni zikiungana jozi, tutapata nini? Jibu lao la 2008 lilikuwa kwamba tutapata superkondakta ya aina mpya, na kwamba katikati ya kila vorteksi (kizunguko cha mkondo kuzunguka uzi mwembamba wa uga wa sumaku) itakaa hali yenye nishati sifuri kamili, hali ya Majorana.

Karibuni kwa maswali, nitaendelea kadiri uzi unavyokwenda.

---

#2 – Nusu Spini

Uzi mzuri mkuu. Ila naomba ufafanuzi. Hata superkondakta ya kawaida mkondo wake unapita usoni, si ndani. Tulisoma hivyo kwenye milinganyo ya London, ile ya uga wa sumaku ndani ya superkondakta. Sasa jipya hapa ni lipi?

---

#3 – Mleta uzi

@Nusu Spini swali lako ni zuri sana, na wengi wanakwama hapo hapo.

Kwenye superkondakta ya kawaida, jozi zimejaa mwili mzima. Mkondo unabanwa pembeni kwa sababu uga wa sumaku unaingia kwa kina kidogo tu, makumi hadi mamia ya nanomita, na mkondo unafuata uga. Ukichukua kipande cha katikati kabisa ya metali ya risasi iliyopozwa, kipande hicho nacho ni superkondakta. Kwenye PtBi2 sivyo. Ukichukua cha katikati kwenye kelvini 5, unapata metali tu. Jozi hazipo kabisa huko. Zipo kwenye elektroni za usoni, ambazo zinaingia ndani kwa kina cha tabaka chache za atomu.

Niongeze jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Usuperkondakta wa usoni kwa maana pana si mpya. Mwaka 1963 Saint-James na de Gennes walionyesha kwamba ukiongeza uga wa sumaku sambamba na uso wa superkondakta ya aina ya pili (ile inayoruhusu uga kupenya kwa nyuzi nyembamba), mwili unakufa kwanza, lakini ganda jembamba la usoni linaendelea kuishi hadi uga unapofika karibu mara 1.7 ya ule uliouua mwili. Hiyo inatokana na masharti ya mpakani. Elektroni ni zilezile za mwilini, na ganda hilo limeachwa nyuma na mwili uliokuwa superkondakta. Kwenye maada za kitopolojia elektroni za usoni ni jamii tofauti, haziwezi kuishi ndani hata zikitaka, na zinaweza kuungana jozi kabla mwili haujaanza.

---

#4 – Mgeni wa Jukwaa

Jamani nisaidieni mimi wa chini. Majorana ni nini hasa? Nasikia ni chembe iliyo kinyume cha yenyewe.

---

#5 – Mleta uzi

Hakuna wa chini hapa ndugu yangu, swali lako ndilo moyo wa uzi.

Ettore Majorana, Mtaliano, aliandika mwaka 1937 kwamba hesabu zinaruhusu chembe ambayo ni chembe-kinyume ya yenyewe. Mwaka uliofuata alitoweka na hajaonekana tena, habari ambayo watu wanaipenda kuliko hesabu zake. Kwenye fuwele hatuzungumzii chembe inayoruka angani. Tunazungumzia hali ya pamoja ya elektroni nyingi, ambayo ni nusu elektroni na nusu nafasi iliyoachwa wazi na elektroni, kwa uwiano sawasawa kabisa. Superkondakta inachanganya vitu hivyo viwili kwa asili yake, kwa hiyo ndipo mahali pa kuitafuta. Shida ni kwamba kwenye superkondakta ya kawaida spini mbili zinakupa kila kitu mara mbili, na Majorana mbili zilizokaa pamoja ni sawa na elektroni moja ya kawaida, hakuna ulichopata. Usoni mwa kihami cha kitopolojia spini imefungwa kwenye mwendo, ule uradufu unaondoka, na unabaki na moja peke yake.

Sasa twende kwenye vorteksi, maana hapo ndipo vipimo vinapofanyika. Uga wa sumaku ukipenya superkondakta ya aina ya pili, unapenya kwa nyuzi nyembamba. Kila uzi umezungukwa na mkondo unaozunguka bila kukoma, na katikati yake usuperkondakta umekufa. Elektroni zinanaswa katika hicho kishimo cha katikati, na zikinaswa nishati zake zinakuwa viwango vilivyotengana. Caroli, de Gennes na Matricon walikokotoa mwaka 1964 kwamba umbali kati ya kiwango na kiwango ni takriban pengo mara pengo, ugawe kwa nishati ya Fermi (kimo ambacho elektroni zimejaza mkanda, kuanzia chini yake). Na viwango vinaanzia kwenye nusu: 1/2, 3/2, 5/2. Sifuri haipo.

Uso wa kitopolojia unasogeza hesabu hiyo kwa nusu moja. Viwango vinakuwa 0, 1, 2. Ile sifuri ndiyo Majorana.

Weka namba uone ugumu. Metali ya kawaida ina nishati ya Fermi ya elektronivolti kama 5, yaani milielektronivolti 5000. Pengo likiwa 1, umbali wa viwango ni 0.0002 ya milielektronivolti. Hakuna kifaa cha kutenganisha hapo: kila kiwango kinamezana na jirani yake, unaona kilima kimoja kikubwa katikati, na huwezi kujua kama kuna sifuri au kuna nusu nyingi zimebanana. Kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa ukuta.

Ndipo ikaja FeTe0.55Se0.45, mchanganyiko wa chuma, teluri na seleni. Inakuwa superkondakta kwenye kelvini 14.5 hivi, haihitaji kukopeshwa jozi na superkondakta jirani. Mwaka 2018 yakatoka mambo mawili. Watafiti wa Tokyo walionyesha kwa mwanga kwamba usoni mwake kuna hali ya kitopolojia yenye pengo la jozi la milielektronivolti 1.8. Na kundi la Chuo cha Sayansi cha China, Beijing, likaingiza ncha ya hadubini ya sindano (inayopima mkondo kati ya ncha na uso) ndani ya vorteksi na kuona kilele kimesimama wima kwenye volti sifuri. Nishati ya Fermi ya uso ule ni ndogo ajabu, milielektronivolti 4.4. Rudia hesabu: 1.8 mara 1.8 ni 3.24, gawanya kwa 4.4, unapata kama 0.74. Kutoka 0.0002 hadi 0.74!

Na joto nalo lina kauli yake. Ukungu wa joto kwenye kipimo cha namna hii ni karibu mara 3.5 ya nishati ya joto. Kwenye kelvini 4.2 ukungu huo ni milielektronivolti 1.27, unafunika kila kitu. Kwenye kelvini 0.5 unashuka hadi 0.15, na viwango vinaanza kuonekana kimoja kimoja.

Kwangu mimi kipimo kizuri kuliko vyote kwenye fani hii kilitoka mwaka 2019, kundi hilohilo la Beijing. Kwenye fuwele hiyohiyo waliona vorteksi za aina mbili. Baadhi zina viwango kwenye 0, 1, 2. Nyingine zina 1/2, 3/2. Kilele kimoja cha sifuri kinaweza kutoka popote. Ngazi nzima iliyosogea kwa nusu, karibu na ngazi nyingine isiyosogea, ni ngumu sana kuipata kwa bahati.

---

#6 – Kelvini Sifuri

Mkuu nakuheshimu, ila usitupambe. Makala za Majorana zimeondolewa majaridani mara ngapi sasa? Ya Delft, Uholanzi, ya 2018 iliondolewa 2021. Ile ya 2017 ya Majorana zinazotembea pembezoni nayo ikaondolewa 2022. Kila mwaka "wameiona", kila mwaka hawajaiona. Mimi nimeacha kusoma habari hizi.

---

#7 – Mleta uzi

Sikupingi, yote uliyosema ni kweli, na yanastahili kusemwa wazi kwenye uzi kama huu.

Ya Delft ilihusu nyaya nyembamba za indiamu na antimoni zilizofunikwa superkondakta. Walidai wameona kilele kimefika hasa thamani inayotabiriwa na nadharia. Data kamili ilipochunguzwa, picha haikuwa safi kama ilivyochapishwa. Ya 2017 ilitumia kihami cha kitopolojia chenye sumaku na ukanda wa niobi juu yake, ikadai kuona nusu ya thamani ya kawaida ya upitishaji. Mwaka 2020 kundi la Penn State lilirudia muundo huo kwa uangalifu na kuonyesha kwamba nusu hiyo hutokea kirahisi tu pale niobi inapogusana vizuri na filamu. Hakuna Majorana inayohitajika.

Na chipu iliyotangazwa na Microsoft Februari 2025 nayo ni ya nyaya, si ya nyuso. Faili la wahakiki la jarida la Nature liliambatana na kauli ya wahariri kwamba matokeo yale si ushahidi wa kuwepo kwa Majorana kwenye kifaa. Wengi walisoma tangazo, wachache walisoma faili.

Lakini tutenganishe vitu. Kilele kwenye volti sifuri ni dalili, na dalili moja ina magonjwa mengi. Hata FeTe0.55Se0.45 ina kesi zake. Mwaka 2015, kabla ya habari za vorteksi, ilishaonekana kwamba atomu ya chuma iliyozidi na kujichomeka kati ya tabaka inatoa kilele cha sifuri bila vorteksi yoyote. Teluri na seleni hazijasambaa sawasawa, kwa hiyo uso unabadilika kila nanomita chache. Kundi la RIKEN la Japani lilipopima vorteksi nyingi mwaka 2019, kwa joto la chini sana, likaona kwamba si kila vorteksi ina kilele, na kadiri uga unavyoongezwa ndivyo zenye kilele zinavyopungua. Inawezekana Majorana za vorteksi jirani zinaanza kuonana zinapokaribiana. Hilo bado linabishaniwa, na ni ubishi wenye afya.

Kinachonifanya nisiache kusoma ni kwamba suala la uso kuwa superkondakta halisimami juu ya Majorana. Pengo la jozi kwenye elektroni za usoni limeonekana moja kwa moja. Hilo lenyewe ni hali mpya ya maada, Majorana iwepo isiwepo.

---

#8 – Tabaka Tano

Naongezea kidogo kwa faida ya wasomaji, maana mleta uzi karuka hatua ya kati.

Kabla ya FeTe0.55Se0.45 watu walijaribu njia ya kukopesha. Kundi la Jia Jinfeng la Shanghai Jiao Tong lilikuza filamu za Bi2Se3, baadaye Bi2Te3, juu ya NbSe2, ambayo ni superkondakta kwenye kelvini 7.2. Jozi zinavuja kutoka chini hadi juu. Ugumu wake: filamu ikiwa nyembamba mno, uso wa juu na wa chini vinaonana na hali ya kitopolojia inaharibika. Ikiwa nene mno, jozi hazifiki juu. Matokeo yao mazuri ya vorteksi yalipatikana kwenye mafungu kama matano, yaani nanomita 5. Sawa na jina langu hapa.

Njia nyingine ilikuwa kupenyeza shaba kati ya tabaka za Bi2Se3. Ilitoka Princeton mwaka 2010, inakuwa superkondakta chini ya kelvini 3.8. Hapo ni mwili wote. Kilichowashangaza wengi ni kwamba ukizungusha uga wa sumaku, superkondakta hiyo inachagua mwelekeo mmoja ingawa fuwele yenyewe ina ulinganifu wa pande tatu.

Na kuna MoTe2. Inahitaji kelvini 0.1, baridi ya kutisha, lakini Princeton mwaka 2020 waliona mkondo wa superkondakta unaopita ukingoni mwa fuwele ukiwa umetengana na ule wa katikati.

---

#9 – Mleta uzi

@Tabaka Tano asante sana, umenirahisishia kazi. Sasa niwaletee PtBi2 niliyoahidi.

Hii si kihami cha kitopolojia. Ni semimetali ya Weyl. Ndani yake mikanda miwili inagusana kwenye nukta chache, na kila nukta ina mwenzake wa mkono wa pili, mmoja wa kulia mmoja wa kushoto. Za kwanza za jamii hii zilithibitishwa 2015 kwenye TaAs. Usoni nukta hizo zinaunganishwa na tao la Fermi. Na hili tao ni kioja. Kwenye metali yoyote ya kawaida, ukichora elektroni zenye nishati ya Fermi unapata mchoro uliojifunga, duara au kitu cha namna hiyo. Tao linaanza nukta moja, linaishia nyingine, halijifungi. Haliwezi kuwepo peke yake kwenye karatasi ya elektroni. Linawezekana kwa sababu mwili wa fuwele upo chini yake na uso mwingine uko upande wa pili.

Mwaka 2024 kundi la IFW Dresden, Ujerumani, likachapisha kwenye Nature kwamba matao ya PtBi2 yanakuwa superkondakta kwenye kelvini 10 hivi. Mwili wake wenyewe hauwi superkondakta hadi chini ya kelvini 1. Mara zaidi ya kumi!

Niwaeleze kipimo kinavyokwenda, maana nguvu ya madai iko hapo. Fuwele inaingizwa kwenye chumba chenye ombwe kali na kupasuliwa humo humo, ili uso mpya usiguswe na hewa hata kidogo. Kisha inapigwa mwanga. Fotoni inang'oa elektroni, na kifaa kinapima elektroni imetoka kwa pembe gani na nishati kiasi gani. Ukijua viwili hivyo unarudisha hesabu na kupata hali iliyokuwa nayo ndani ya fuwele. Elektroni iliyong'olewa kutoka kina kirefu inagongana njiani na kupoteza taarifa zake, kwa hiyo zinazofika salama ni zile za tabaka chache za juu. Kwa mambo ya usoni hakuna kifaa kilichoumbwa kufaa zaidi. Ukipoza chini ya kelvini 10, kwenye tao unaona elektroni zinasogea kutoka nishati ya Fermi, pengo linafunguka, na ukingoni mwake kinachomoza kilele. Waandishi wenyewe walisema ni vilele vikali na vyembamba kuliko vyote vilivyowahi kupimwa kwa mbinu hii kwenye maada mango.

Tena PtBi2 haina ulinganifu wa juu na chini. Ukiipasua, vipande viwili vinakuonyesha sura mbili tofauti za bismuthi. Zote mbili zina matao, zote mbili zinakuwa superkondakta.

Kwa nini uso utangulie mwili? Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba matao yanabana elektroni nyingi kwenye nishati finyu, karibu kabisa na nishati ya Fermi, na nadharia ya jozi inapenda hilo: hali nyingi mahali pamoja, jozi rahisi kuungana.

---

#10 – Kelvini Sifuri

Haya, hii imenirudisha. Ila hadubini inasema nini? Mwanga peke yake haunitoshi.

---

#11 – Mleta uzi

Hadubini inakubali kwamba uso una pengo, lakini inaleta mgogoro wake. Kipimo cha mwanga kinatoa pengo la milielektronivolti kama 1.4. Hiyo inakwenda vizuri na kelvini 10, maana nadharia ya 1957 inasema pengo ni mara 1.76 ya nishati ya joto la mpito: kokotoa, unapata 1.5. Hadubini iliona mapengo yanayotofautiana sana kati ya sampuli na sampuli, mengine hadi 20. Ukitumia kanuni ileile kinyumenyume, 20 inadai mpito wa zaidi ya kelvini 100. Kwa hiyo ama kanuni ya kawaida haishiki hapo, ama kinachopimwa sehemu hizo kina kitu cha ziada. Mimi naegemea upande wa tahadhari: 1.4 ina joto lake linaloilinganisha, 20 bado haina.

---

#12 – Nusu Spini

Na kipimo cha joto maalumu, yaani nishati inayotakiwa kupasha fuwele? Hicho hakidanganyi.

---

#13 – Mleta uzi

Hakidanganyi, ila hapa ni kipofu. Fuwele ya unene wa milimita 1 ni nanomita milioni 1. Uso ni nanomita chache. Mchango wa uso kwenye joto maalumu ni sehemu chache za milioni, unazama kabisa ndani ya mchango wa mwili. Kusukuma uga wa sumaku nako ni hivyo hivyo, ganda la unene huo linasukuma kiasi kidogo mno.

Ukinzani ndio kipimo kinachotamaniwa, na hapo kuna jambo zuri. Superkondakta ya mielekeo miwili tu (bapa kama karatasi) hairuhusiwi kupata mpangilio wa kudumu kama ya mielekeo mitatu. Inaingia usuperkondakta kwa njia nyingine: juu ya joto fulani vorteksi zinatembea huru na kuleta ukinzani, chini yake kila vorteksi inashikana na vorteksi-kinyume na zote mbili zinatulia. Hiyo ni nadharia ya Berezinskii, Kosterlitz na Thouless. Kosterlitz na Thouless walipata Nobel ya 2016 pamoja na Haldane, na tuzo ilitaja mipito ya kitopolojia na hali za kitopolojia kwa pamoja. PtBi2 inakutanisha zote mbili kwenye uso mmoja. Vipande vyembamba vya PtBi2 vimepimwa na vimeonyesha mpito wa namna hiyo, ila chini ya kelvini 1. Mpito wa kelvini 10 unaonekana kwenye uso uliopasuliwa ndani ya ombwe.

---

#14 – Mgeni wa Jukwaa

Nimefuatilia yote na nashukuru sana. Nimesoma mahali kwamba jozi za PtBi2 zina umbo la ajabu, pande sita. Ni kweli?

---

#15 – Mleta uzi

Ni kweli, umefuatilia vizuri. Makala ya 2025, kundi lilelile la Dresden, Nature.

Kwenye superkondakta ya kawaida pengo ni sawa kila upande. Kwenye zile za oksidi ya shaba zilizoanzia kwa Bednorz na Müller mwaka 1986, pengo linakufa kwenye mielekeo minne, elektroni zinazokwenda upande huo haziungani. Kwenye PtBi2 walipima tao kwa uangalifu, hatua kwa hatua, wakaona pengo lipo pande zote mbili za tao lakini katikati kabisa linakuwa sifuri. Uso una matao sita, kwa hiyo mielekeo sita. Umbo hilo linaitwa wimbi-i, na halikuwahi kuonekana kwenye superkondakta yoyote kabla ya hapo.

Uzito wake uko hapa: pengo likibadilisha ishara kutoka upande mmoja wa tao hadi mwingine, nadharia inasema kila nukta ya sifuri inabeba koni ya Majorana usoni, na pembezoni mwa fuwele, kwenye kingo na kwenye ngazi za atomu, kunapaswa kuwe na Majorana zilizonaswa. Hazihitaji vorteksi, uga wa sumaku wala superkondakta ya kukopesha. Na ngazi za atomu ziko tele kwenye kila uso uliopasuliwa. Kwa hiyo kipimo kinachofuata kinajulikana: sindano ya hadubini itembezwe polepole kutoka uwanda hadi ukingo wa ngazi, chini ya kelvini 1, kwenye ngazi zenye mielekeo tofauti. Nadharia ikiwa sahihi, baadhi ya mielekeo itaonyesha hali ya nishati sifuri na mingine haitaonyesha, kwenye fuwele moja, siku moja, kwa sindano ileile.